Mirija midogo ya kaboni yaahidi kubadilisha mashine za eksirei

KILA aliyewahi kupigwa picha ya kifua hospitalini anaifahamu amri ile: vuta pumzi, izuie, usitikisike. Baada ya amri hiyo husikika mvumo mfupi kutoka ndani ya mashine, kisha mlio, na kazi huwa imekwisha.

Wengi hudhani kwamba mvumo huo ndio miale inayopenya mwilini. Sivyo. Miale ya eksirei haina sauti. Kinachovuma ni sahani ya chuma inayozungushwa kwa kasi ndani ya tyubu, huku waya mwembamba ulio mkabala nayo ukipashwa moto hadi kupita nyuzi 2,000 za sentigredi.

Waya huo umekuwa moyo wa mashine ya eksirei tangu mwaka wa 1913. Filamu imetoweka katika hospitali nyingi na picha sasa husomwa kwenye skrini ya kompyuta, lakini chanzo cha miale yenyewe kimebaki kilekile alichokijua daktari wa enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia.

Sasa wapo wanasayansi na kampuni ambazo zimeanza kuuondoa waya huo na kuweka mahali pake msitu wa mirija ya kaboni, membamba kiasi kwamba haionekani hata kwa hadubini ya kawaida. Mirija hiyo hutoa elektroni bila kupashwa moto.

Badiliko hili linaweza kuonekana kuwa la mafundi tu. Hata hivyo, linamhusu mgonjwa mahututi ambaye hawezi kuondolewa kitandani, linamhusu mama anayechunguzwa saratani ya matiti, na linamhusu mtu aliyepatwa na kiharusi akiwa mbali na hospitali, ambaye kila dakika inayopita huondoka na sehemu ya ubongo wake.

Kutoka Würzburg

Ili kuelewa kinachobadilika, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Jioni ya Novemba 8, 1895, Profesa Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa katika maabara yake mjini Würzburg, Ujerumani, akipitisha umeme katika tyubu ya kioo iliyoondolewa karibu hewa yote. Alikuwa ameifunika tyubu hiyo kwa karatasi nzito nyeusi. Pamoja na hayo, kiwambo kilichopakwa kemikali, kilichokuwa kando, kilianza kumetameta gizani.

Röntgen alitambua kwamba kulikuwa na miale isiyoonekana iliyopenya karatasi. Kwa kuwa hakujua asili yake, aliipa jina la herufi ambayo wanahisabati hutumia kwa kitu kisichojulikana: X. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa ikionekana waziwazi pamoja na pete kidoleni. Mwaka wa 1901 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa, naye hakutaka kuchukua hataza ya ugunduzi wake.

Tyubu za siku hizo zilikuwa na tabia ya ukaidi. Zilitegemea chembechembe za hewa zilizosalia ndani ili kuzalisha elektroni. Kiasi cha hewa hiyo kilipobadilika, nguvu ya miale nayo ilibadilika, na fundi hakuweza kuwa na hakika kwamba picha ya leo ingefanana na ya jana.

Suluhisho lilipatikana mwaka wa 1913 nchini Marekani. William Coolidge, mtafiti wa kampuni ya General Electric, aliondoa hewa kabisa na kuweka waya wa tungsteni unaopashwa moto. Joto la waya ndilo lililoamua idadi ya elektroni, na daktari akaweza kuidhibiti miale kama mtu anavyopunguza na kuongeza mwanga wa kandili. Mashine nyingi zilizoko hospitalini leo ni vitukuu vya tyubu hiyo ya Coolidge.

Chungu kinachotokota

Ndani ya chuma chochote zimo elektroni nyingi zinazorandaranda huku na huko. Haziwezi kutoka nje kwa sababu usoni pa chuma pana kizuizi cha nishati, mfano wa ukingo wa chungu unaozuia maji yasimwagike.

Njia ya Coolidge ni kukitokosa chungu hicho. Tungsteni inapopata joto kali, baadhi ya elektroni hupata nishati ya kutosha kuruka ukingo, kama mvuke unavyopaa kutoka katika maji yanayochemka. Zikishatoka, umeme wa makumi ya maelfu ya volti huzivuta na kuzigongesha kwenye kipande cha chuma cha upande wa pili, kiitwacho anodi. Kishindo cha kugonga huko ndicho kinachozaa miale ya eksirei.

Mgala muue na haki umpe: waya huu umewatumikia wanadamu kwa zaidi ya karne moja, na hakuna atakayeweza kuhesabu maisha uliyookoa. Hata hivyo una kasoro zake.

Kwanza, kitu cha moto hakiwezi kuwashwa na kuzimwa papo hapo. Waya huchukua muda kupata joto na muda kupoa. Pili, tungsteni iliyo katika joto hilo huyeyuka kidogo kidogo na kuwa mvuke, waya ukakonda hadi siku moja ukakatika, sawa na balbu za zamani za nyumbani. Tatu, waya huhitaji umeme wake wa kuupasha moto, na kwa kuwa waya wenyewe umeunganishwa na volti za juu sana, umeme huo lazima upitie vifaa vizito vya kukinga. Nne, ni vigumu kupanga nyaya nyingi za moto katika nafasi ndogo, hivyo basi mashine huwa na chanzo kimoja cha miale, na anayetaka picha za pande nyingi hulazimika kukizungusha chanzo hicho.

Kupenya badala ya kuruka

Je, yawezekana kuzitoa elektroni nje bila kuzipasha moto? Jibu limejulikana kwa muda mrefu. Mwaka wa 1897, mwanafizikia wa Marekani Robert Wood alishuhudia elektroni zikitoka katika chuma baridi kilichowekwa kwenye mvuto mkali wa umeme. Maelezo kamili yalikuja mwaka wa 1928 kutoka kwa Ralph Fowler wa Uingereza na Lothar Nordheim wa Ujerumani, waliotumia nadharia ya kwantamu, ambayo wakati huo ilikuwa changa.

Nadharia hiyo yasema kwamba elektroni si punje tu, bali pia ina tabia ya wimbi. Ikikutana na ukuta, upo uwezekano mdogo wa kuonekana upande wa pili bila kuupanda. Ukuta ukiwa mnene, uwezekano huo ni kama haupo. Lakini mvuto mkali wa umeme huufanya ukuta uwe mwembamba mno, na hapo elektroni hupenya kwa wingi. Wanafizikia hufananisha tendo hili na kupita katika shimo lililotobolewa ukutani, ilhali hakuna aliyetoboa chochote.

Tatizo ni kwamba mvuto unaohitajika ni wa mabilioni ya volti kwa kila mita. Hakuna hospitali inayoweza kuzalisha umeme wa namna hiyo. Hapa ndipo ncha kali inapoleta nafuu. Umeme hupenda kujilimbikiza kwenye ncha. Ndiyo maana chuma cha kukinga radi hujengwa kikiwa chembamba na kuchomoza juu ya paa. Kadiri ncha inavyokuwa kali, ndivyo mvuto unavyoongezeka maradufu pale kwenye kilele chake, hata kama umeme uliotumika ni wa wastani.

Watafiti walijaribu kwa miaka mingi kutumia sindano za chuma. Sindano hizo zilifanya kazi, lakini zilikuwa dhaifu. Chembe za hewa zilizosalia ndani ya tyubu hugeuka kuwa ayoni, zikairudia ncha na kuipiga kama mvua ya mawe. Atomu za chuma nazo huhamahama juu ya uso wake. Baada ya muda ncha iliyokuwa kali ikawa butu, na mkondo wa elektroni ukafifia.

Jani lililokunjwa

Mwaka wa 1991 mtafiti Sumio Iijima wa kampuni ya NEC nchini Japani alichapisha katika jarida la Nature picha za nyuzi za ajabu alizoziona kwa hadubini ya elektroni. Watafiti wa Urusi, Radushkevich na Lukyanovich, walikuwa wamechapisha picha za nyuzi zinazofanana na hizo tangu mwaka wa 1952, lakini ulimwengu haukuzitilia maanani. Ni kazi ya Iijima iliyoamsha wanasayansi kila pembe.

Mrija nano wa kaboni waweza kuelezwa hivi. Chukua tabaka moja la atomu za kaboni, zilizopangwa pembesita kama sega la nyuki. Ni tabaka kama yale yaliyo katika risasi ya penseli. Likunje tabaka hilo kama mkeka unavyokunjwa, uliunganishe kingo zake, nawe utapata mrija. Upo mrija wenye ukuta mmoja tu, ambao kipenyo chake hukaribia nanomita moja, na ipo yenye kuta nyingi zilizovishana, ambayo hufikia makumi ya nanomita. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Pamoja na wembamba wake wote, mrija huu waweza kuwa mrefu kuliko upana wake mara elfu moja na zaidi.

Kwa maneno mengine, maumbile yametoa sindano iliyo bora kuliko zote. Hupitisha umeme vizuri, haiyeyuki kwa urahisi, na atomu zake zimeshikana kwa nguvu kiasi kwamba hazihami ovyo kama zile za chuma. Mvuto wa umeme kwenye ncha yake waweza kuwa mkubwa kuliko ule wa pale ilipo kwa mara mia kadhaa au hata zaidi ya elfu moja.

Mwaka wa 1995, Walt de Heer na wenzake nchini Uswisi walionyesha katika jarida la Science kwamba mirija hii yaweza kutumika kama chanzo cha elektroni. Mwaka wa 2001 watafiti wa Japani wakiongozwa na Hidetoshi Sugie walieleza jinsi walivyoitumia katika tyubu ya eksirei. Mwaka uliofuata, kundi la Otto Zhou katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, Marekani, lilionyesha kwamba miale iliyozalishwa kwa njia hiyo ilikuwa na nguvu ya kutosha kupiga picha za kitabibu.

Muundo wake hauna utata mwingi. Mirija hupandikizwa au kuoteshwa juu ya kipande cha chuma hadi ikawa kama zulia. Mbele yake, umbali wa sehemu ndogo ya milimita, huwekwa wavu wa chuma. Wavu ukipewa volti elfu moja au mbili hivi, elektroni huchomoka, hupita katika matundu yake, kisha huvutwa na volti za juu hadi kwenye anodi. Wavu ukinyimwa umeme, elektroni hukoma mara moja. Lango hilo laweza kufunguliwa na kufungwa kwa muda unaopimwa kwa sehemu za milioni za sekunde.

Faida tatu

Wepesi huo wa kuwaka na kuzima ndio faida ya kwanza. Moyo na mapafu havitulii, na picha ya kitu kinachotikisika hutoka na ukungu. Chanzo baridi chaweza kuagizwa kimulike wakati uleule tu moyo unapofika mahali fulani katika pigo lake. Kundi la North Carolina lilitumia mbinu hii kupiga picha za panya wa maabara, ambao mioyo yao hudunda mamia ya mara kwa dakika.

Faida ya pili ni kwamba vyanzo vingi vyaweza kupangwa katika safu moja. Katika uchunguzi wa matiti kwa picha za matabaka, mashine za kawaida husogeza tyubu juu ya titi la mgonjwa huku zikipiga picha moja baada ya nyingine. Mwendo huo hufifiza picha, na madoa madogo ya chokaa ambayo yaweza kuwa dalili ya mapema ya saratani huwa hatarini kufichika. Watafiti wa Chapel Hill waliunda mashine yenye vyanzo 31 vilivyokaa mahali pamoja bila kusogea. Kompyuta huviwasha kwa zamu, hiki kikizima kile kikiwaka.

Faida ya tatu ni uzito. Mashine za kusukumwa wodini za aina ya zamani huwa na uzito wa kilo mia kadhaa. Kampuni ya Micro-X ya Adelaide, Australia, imeunda mashine ya magurudumu, Rover, inayotumia mirija ya kaboni na yenye uzito usiofika kilo 100. Mamlaka ya Marekani ya kudhibiti dawa na vifaa vya matibabu iliiidhinisha mwaka wa 2020. Kwa hivyo teknolojia hii si ndoto tena. Imekwisha kutoka maabarani na kuingia wodini.

Kampuni hiyohiyo imekuwa ikishirikiana na watafiti wa kiharusi nchini Australia kuunda mashine ndogo ya kupiga picha za ubongo inayoweza kutoshea katika ambulensi ya kawaida. Umuhimu wake ni huu: kiharusi huweza kusababishwa na damu iliyoganda na kuziba mshipa, au na mshipa uliopasuka. Dawa inayoyeyusha damu humwokoa mgonjwa wa kwanza na yaweza kumuua wa pili, na kwa kumtazama tu daktari hawezi kuwatofautisha. Ni lazima picha ipigwe kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006 ulikadiria kwamba mgonjwa ambaye mshipa mkubwa wa ubongo wake umezibwa hupoteza chembe za neva milioni 1.9 kwa kila dakika.

Ujerumani ilianza kutumia ambulensi yenye mashine ya CT scan katika jimbo la Saarland mwaka wa 2008, lakini magari ya aina hiyo ni makubwa na ya bei ghali, kwa hivyo ni machache. Tumaini la vyanzo vya kaboni ni kuifanya huduma hiyo iwe ya ambulensi yoyote.

Tahadhari

Hata hivyo, ni vyema msomaji asichukuliwe na sifa. Neno “baridi” lahusu mahali elektroni zinapotoka tu. Zinapogonga anodi, takriban asilimia 99 ya nishati yake hugeuka kuwa joto na asilimia moja tu ndiyo huwa miale. Sheria hiyo haibadiliki kwa sababu ya mirija ya kaboni, na ndiyo maana mashine hizi nazo zahitaji kupozwa.

Vivyo hivyo, miale inayotoka ni ileile. Haidhuru imetokana na waya wa moto au mrija wa kaboni. Dozi ikizidi, madhara ni yaleyale, na kinga ni zilezile. Nchini Kenya, mashine yoyote ya kutoa miale ya aina hii ipo chini ya usimamizi wa mamlaka ya kudhibiti masuala ya nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2019.

Aidha, si mirija yote katika zulia lile hufanya kazi sawa. Iliyo mirefu kidogo hubeba mzigo mkubwa, huungua, na kuwaachia wenzake. Hewa kidogo tu ikivuja ndani ya tyubu, au cheche ya umeme ikiruka, sehemu nzima yaweza kuharibika. Pia mashine kubwa za CT scan huhitaji mkondo mzito wa elektroni ambao waya wa tungsteni bado huutoa kwa urahisi zaidi.

Historia nayo yafunza subira. Mwaka wa 1999 watafiti wa Samsung nchini Korea Kusini walionyesha skrini iliyotumia mirija ya kaboni, na wengi wakatabiri kwamba ndiyo ingekuwa televisheni ya kesho. Skrini za aina nyingine zilishuka bei haraka na ile ya kaboni haikufika madukani. Ubora wa wazo peke yake hauuzi mashine.

Somo kwa taifa

Swali linalobaki ni nini maana ya haya yote kwa mwananchi aliye mbali na hospitali kuu. Uchunguzi wa kitaifa wa kifua kikuu uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 na 2016, ambao ulitumia mashine za eksirei zilizopelekwa mashinani, ulionyesha kwamba walikuwapo wagonjwa wengi ambao mfumo wa afya haukuwa umewatambua, na kwamba picha ya kifua huweza kumfichua hata asiyekohoa. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha programu za kompyuta kusaidia kusoma picha hizo kwa watu wa umri wa miaka 15 na zaidi.

Tayari mashine ndogo za kubebwa mkononi zatumika kwa kazi hiyo katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo. Inafaa kusema bayana kwamba zimeufikia udogo huo bila kungoja mirija ya kaboni. Waya wa zamani bado una pumzi. Teknolojia mpya italazimika kuthibitisha kwamba ni nafuu na inadumu kuliko hiyo.

Isitoshe, mashine haijitibui yenyewe. Katika mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali za kaunti ulioanza mwaka wa 2015, maseneta walilalamikia vifaa vilivyokaa bila kutumiwa kwa kukosa umeme, maji au wataalamu. Mashine ya kilo 100 isiyo na mtu wa kuiendesha ni mzigo sawa na ya kilo 500.

Kwa hiyo, mauzo ya vifaa hivi yatakapobisha hodi humu nchini, maswali ya kuulizwa hayatakuwa ya nanomita. Tyubu hudumu muda gani kabla ya kubadilishwa? Hubadilishwa na nani, na kwa bei gani? Nani ataisoma picha siku hiyohiyo? Elektroni zaweza kupenya ukuta zisizouruka. Mgonjwa bado anahitaji mlango uliofunguliwa na mtu ndani anayemngojea.